Panga Hadithi Kabla ya Kuandika Skripti: Safari ya Magunia 80 ya Viazi kutoka Uporoto

Skripti yangu ya kwanza ndefu ilikuwa na kurasa 112, na niliiandika bila kupanga chochote. Nilikuwa na binti mmoja, ufukwe wa Matema na hamu kubwa. Tulipiga picha siku nne, siku ya tano fedha zikakata. Tulipokaa kuangalia tulichovuna, tukaona watu wanasalimiana, wanatembea ufukweni, wanakula, wanasalimiana tena. Mhariri akaniuliza: "Huyu binti anataka nini?" Nikakosa jibu. Waigizaji wale walikuwa wametoka Kyela kwa nauli zao wenyewe, na mimi ndiye niliyewaita. Tangu siku hiyo sifungui kompyuta kabla sijakaa na hadithi wiki tatu, nikiwa na kalamu na vipande vya manila.

Mwongozo huu ni kwa mwandishi aliyeko Mbeya, Tukuyu, Makambako, Mafinga au Iringa, anayetaka kuandika filamu ya dakika kama 90 na hana fedha za kupiga sini (onyesho moja moja la filamu) zitakazoishia kutupwa. Nitatumia hadithi moja ninayoifanyia kazi sasa, ya Tumpale, binti wa mkulima wa viazi wa milima ya Uporoto, Mbeya, ili uone kila hatua ikitumika, pamoja na pale nilipokosea.

Kipimo cha "ikawaje?"

Tumekulia kwenye hadithi za jikoni. Bibi anasema neno, ananyamaza kidogo achochee moto, watoto wanashindwa kuvumilia: "Ikawaje, bibi?" Swali hilo ndilo linalomfanya mtazamaji wa kibanda umiza pale Mwanjelwa abaki kwenye benchi wakati bodaboda yake iko nje na wateja wanapita. Sini ikiisha bila mtu kujiuliza ikawaje, sini hiyo imekufa, hata kama kamera ni ya bei mbaya.

Njia rahisi ya kujipima ni neno unaloweza kuliweka kati ya sini moja na inayofuata. Sikiliza: Tumpale anachimba viazi, halafu anakwenda mjini, halafu anakutana na rafiki yake, halafu wanakula chipsi. Hizo ni "halafu" tatu, na hakuna hadithi. Sasa sikiliza hii: dalali anataka shamba, kwa hiyo Tumpale anapakia magunia usiku, lakini mizani inaonyesha gari limezidi uzito, kwa hiyo analazimika kujua kila gunia lina kilo ngapi. Hapa tukio moja linazaa jingine. Ukiona "halafu" mbili zimefuatana kwenye mpango wako, simama hapo hapo uzitibu, maana zikifika kwenye rasimu zitakuwa kurasa 10 ambazo hutakuwa na moyo wa kuzikata.

Hatua ya 1: Sentensi moja

Kabla ya yote, andika hadithi nzima kwa sentensi moja yenye mambo manne: nani, anataka nini, nani au nini kinamzuia, na atapoteza nini. Yangu ni hii:

*Binti wa mkulima wa viazi ana siku saba za kulipa deni la baba yake kabla dalali hajachukua shamba, lakini ushahidi unaoweza kuokoa shamba ndio utakaomwaibisha baba huyo mbele ya kijiji kizima.*

Usiridhike na sentensi ya kwanza. Mimi niliandika kama 15, na ile ya kwanza ilisema tu "maisha magumu ya wakulima wa viazi." Hiyo ni mada, inafaa kwa semina. Filamu inaanza pale ambapo mtu mmoja amebanwa na saa inakwenda.

Ukishaipata, isimulie kwa mdomo kwa watu ambao hawajali filamu: fundi cherehani, konda, mama anayekuuzia maparachichi. Usiwaulize kama ni nzuri, kwa sababu watakusifia kwa heshima tu. Simulia hadi nusu, kisha nyamaza. Akiuliza "sasa huyo baba alifanya nini?", una kitu. Akianza kukusimulia habari zake mwenyewe, rudi mezani.

Hatua ya 2: Mhusika, na hasa adui yake

Anachotaka mhusika mkuu lazima kipigike picha. "Anataka heshima" huwezi kuipiga. "Anataka hati ya shamba iliyo kwenye begi la dalali" unaweza, tena mtazamaji atajua dakika ile ile kama ameipata au ameikosa.

Chini ya anachotaka, weka kitu anachokikwepa. Tumpale ana miaka 22, anaamini baba yake, Mzee Ambakisye, ni mtu asiye na doa, na ameacha chuo ili amsaidie. Imani hiyo ndiyo itakayovunjwa. Hatoitamka popote, ila kila uamuzi wake utapita juu yake.

Sasa tukae kwa adui, kwa maana hapa ndipo filamu zetu nyingi zinapolegea. Tumezoea kumchora adui mwenye sauti nzito, miwani ya jua na vijana wawili nyuma yake. Mtazamaji anamjua tangu sini ya kwanza na hana cha kumwogopa. Dalali wangu anaitwa Lugano. Mwaka ambao ukungu na mvua viliozesha viazi vya kijiji kizima, yeye ndiye aliyekopesha mbegu na mbolea wakati hakuna mwingine aliyejitokeza. Anajua majina ya watoto wa wateja wake. Ananunua viazi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi mdomoni kisha likaongezewa kilemba cha wavu juu, na akiulizwa anajibu kwa upole kwamba hata yeye mjini anauza hivyo hivyo. Lumbesa ni marufuku kisheria, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na kila mtu kijijini analijua hilo. Adui wa namna hii anatisha kwa sababu watu wanamhitaji.

Kabla ya kuendelea, andika ukurasa mmoja ukiwa upande wa adui, kwa sauti yake, akijitetea. Ukishindwa kumtetea, bado hujamjua.

Hatua ya 3: Anza na mwisho

Wengi wetu tunaanza na mwanzo kwa sababu tunaupenda: alfajiri, ukungu, jogoo. Mimi nakushauri utafute picha ya mwisho kwanza, kisha picha ya kwanza iwe kinyume chake.

Picha yangu ya mwisho ni gunia moja la viazi lililoshonwa mdomo bapa, bila kilemba, likiwa juu ya mizani. Kutoka hapo picha ya kwanza ikajileta yenyewe: Mzee Ambakisye, sindano ndefu mkononi, anashona kilemba cha lumbesa huku mke wake amesimama juu ya gunia akilikanyaga viazi vikae. Mtazamaji wa kwanza ataona familia yenye bidii. Akiiona mara ya pili atajua alikuwa anaangalia kosa.

Ona faida yake. Nikishajua naelekea kwenye gunia bapa, najua kwamba kilele lazima kiwe kwenye mizani, kwamba lazima watu wawepo kushuhudia, na kwamba baba lazima awe karibu.

Hatua ya 4: Nguzo tano

Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle aliandika, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba igizo lililokamilika lina mwanzo, kati na mwisho. Waandishi wa filamu wakaja kuigawa kati hiyo mara mbili, kwa sababu ni ndefu na ndiko watu wanakopotelea. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa kanuni, herufi za Courier ukubwa wa 12, unakadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Kwa hiyo kwa kurasa 90 nguzo zangu, yaani matukio makuu yanayoibeba hadithi, zinakaa hivi.

Kichocheo kinakuja kama ukurasa wa 10. Lugano anakuja na karatasi: deni limefika, shamba liko rehani, siku saba. Kabla ya hapo nimetumia kurasa chache kuonyesha maisha ya kawaida, na nasisitiza chache. Enzi za filamu zetu kuuzwa kwenye DVD, sehemu ya kwanza na ya pili, tulijifunza kuvuta muda: gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mtu anashuka, anasalimia. Vuta hivyo leo na mtazamaji wa simu amekwenda.

Mlango wa kwanza uko kama ukurasa wa 22. Usiku Tumpale anatoa magunia 80 ghalani na kuyapakia kwenye Fuso ya dereva Kibiki, mtu wa Mafinga, ili ayauze mwenyewe Dar es Salaam. Naiita mlango kwa sababu unajifunga nyuma yake: kwa Lugano magunia yale ni yake, na kuanzia sasa binti huyu ni mwizi. Kama mhusika wako anaweza kurudi nyumbani kesho yake na mambo yakawa kama zamani, bado hajavuka.

Katikati, ukurasa wa 45, mhusika anajua kitu kinachogeuza maana ya safari. Kwangu ni mizani ya Makambako. Gari linaonekana limezidi. Tumpale anabisha: magunia 80, kilo 100 kila moja, tani 8. Kibiki anajua uzito wa gari lake likiwa tupu. Anautoa, inabaki kilo 10,400. Wanagawa kwa 80. Kila gunia lina kilo 130. Binti anasimama pembeni ya barabara, baridi ya Makambako inapuliza, anafanya hesabu kwa kidole juu ya vumbi la bodi ya gari: kilo 2,400 zimezidi, magunia 24 ya bure kwenye mzigo mmoja. Baba yake ameuza mizigo mingapi? Deni lilishalipwa zamani. Alikuwa anatafuta bei, sasa ana ushahidi, karatasi moja ya mizani mfukoni.

Shimo, kama ukurasa wa 68, ni pale anapopoteza kile alichokiegemea. Kibiki, ambaye amebeba viazi vya kijiji kile miaka mingi, anamwambia alichokuwa amekificha: aliyekuwa akisimamia ujazo kwa niaba ya Lugano, na kulipwa kidogo kwa kila gunia la jirani, ni Mzee Ambakisye mwenyewe. Shimo zuri haliletwi na bahati mbaya. Ningeweza kulipindua lori Kitonga, na nilishawishika sana kufanya hivyo, lakini ajali haimlazimishi mtu kuamua chochote.

Kilele, kurasa za 78 hadi 85, ni uamuzi ambao mhusika wa ukurasa wa kwanza asingeweza kuufanya. Mbele ya ghala, kijiji kimekusanyika, mizani ya kuazima imewekwa. Lugano amekwisha mnong'oneza: nipe karatasi ile, chukua hati yako. Tumpale anaitoa karatasi. Hampi Lugano. Anampa baba yake, aisome kwa sauti. Anayejua kusoma namba zile kuliko wote pale ni yeye.

Usizifanye kurasa hizi sheria. Nguzo ikija kurasa tano mbele au nyuma hakuna aliyekufa. Ila kama kichocheo chako kiko ukurasa wa 35, mpango unakuambia hadithi yako inaanza pale, na kurasa 30 za mwanzo ni maandalizi yako wewe, si ya mtazamaji.

Hatua ya 5: Kadi

Nunua manila mbili, zikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Filamu ya dakika 90 huchukua kama kadi 40 hadi 55, kila sini kadi moja. Bandika kwanza kadi za nguzo ukutani, kisha jaza kati yake. Kama chumba ni cha kupanga na mwenye nyumba hataki gundi ukutani, panga sakafuni, ila funga dirisha. Upepo wa Agosti ulishanichanganyia kadi za wiki nzima.

Kadi haihitaji maneno mengi. Hii ni kadi yangu ya 31, kama ilivyo:

*NJE. MIZANI YA MAKAMBAKO – ALFAJIRI. Tumpale anataka wapite haraka. Kibiki hataki hesabu ifanyike (kwa nini?). Anagundua kilo 130. Mwanzo: ana haraka. Mwisho: hataki kuondoka bila karatasi.*

Angalia mistari miwili ya mwisho. Kila sini imwache mhusika tofauti na ilivyomkuta. Kama "mwanzo" na "mwisho" vinafanana, kadi hiyo itoe. Na lile swali la "kwa nini?" nililiandika bila kujua jibu. Siku tatu baadaye ndilo lililonipa siri ya Kibiki, na siri hiyo ndiyo ikazaa shimo la ukurasa wa 68. Kwa hiyo usione aibu kuacha maswali kwenye kadi.

Kadi pia ndizo zilizoniokoa kwenye kosa kubwa la mpango wangu wa kwanza. Mwanzoni nilimfikisha Tumpale hadi sokoni Dar es Salaam: kadi 14 za mjini, wachuuzi, polisi, gesti, foleni. Nikizitazama ukutani zilivutia. Nikaanza kuzisoma kwa "kwa hiyo" na "lakini", nikakuta zote ni "halafu". Jambo lililomuuma binti huyu lilikuwa limebaki Uporoto, kwenye sindano ya baba yake. Nikazitoa zote 14. Lori likageuzia Makambako, na filamu ikapungua gharama za wiki mbili za kulala mjini. Kwenye ukuta kazi hiyo ilinichukua jioni moja. Kwenye rasimu ingekuwa miezi.

Hatua ya 6: Mandhari isikutawale

Tunaishi mahali pazuri kuliko inavyofaa kwa mwandishi. Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, maua ya Kitulo, mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe: kila mmoja wetu ana sini anayoitaka kule. Swali la kuuliza ni hili: ukiihamishia sini hiyo uani kwa mama, hadithi itapoteza nini? Kama haipotezi kitu, iache uani. Mizani ya Makambako imebaki kwenye filamu yangu kwa sababu ukweli ule unahitaji mizani ya magari ili utoke.

Halafu hesabu. Chukua kadi zote, andika kila lokesheni kwenye karatasi moja na idadi ya sini zake. Lokesheni yenye sini moja tu ijieleze. Mimi nilianza na lokesheni 23, nikashuka hadi 9 kwa kuunganisha: mazungumzo ya stendi yakaingia ndani ya Fuso, ya dukani yakaenda ghalani. Hadithi ikabana zaidi, maana watu waliokuwa wanakwepana sasa wamo kwenye kiti kimoja cha mbele cha lori.

Panga na majira pia. Mvua zetu kwa kawaida huanza kama Novemba hadi Aprili, na upande wa Rungwe hujivuta zaidi. Ukipanga sini sita mfululizo za nje juani, na siku za kupiga picha ni Machi, unajitafutia hasara. Ukungu nao ni mzuri machoni, lakini ukija katikati ya mazungumzo, nusu ya sini itakuwa nyeupe na nusu ina jua. Kwenye kadi zangu naweka alama moja kwa sini inayoweza kuhamia ndani mvua ikinyesha. Ziwe nyingi.

Hatua ya 7: Muhtasari

Kadi zikishatulia, andika hadithi yote kwa kurasa 4 hadi 6, wakati uliopo, bila majibizano. Andika kinachoonekana na kinachosikika tu. "Tumpale anakumbuka utoto wake" haipigiki picha. "Tumpale anaokota sindano ya baba yake, anaifuta kutu kwa khanga" inapigika. Hapa ndipo utakapoona mahali uliporuka kwa sababu kadi mbili zilikaa jirani ukadhani zimeungana.

Wape watu watatu wasome, mmoja awe mtu mzima wa kijijini anayeijua kazi unayoiandika. Mkulima aliyesoma wangu alinirekebisha jambo ambalo hakuna mwalimu wa filamu angeliona: anayekanyaga gunia hasimami katikati, anazunguka. Nimeliandika kwenye kadi ya 1.

Muhtasari huo utautumia kwa prodyuza, na ni mwanzo mzuri wa maandalizi ya kibali. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 huruhusiwi kupiga filamu bila kibali, na maombi huendana na skripti yenyewe. Kwa hiyo kalenda yako iache nafasi kati ya kumaliza skripti na siku ya kwanza ya kamera.

Siku ya kuanza rasimu

Nikimaliza muhtasari naziacha kadi ukutani siku saba bila kuzigusa. Siku ya nane namsimulia mtu mmoja hadithi yote kwa dakika kumi, mgongo nimeupa ukuta. Nikikwama mahali, kadi za hapo bado. Nikifika hadi gunia bapa bila kugeuka, nafungua kompyuta na kuandika: NJE. UANI KWA MZEE AMBAKISYE – ALFAJIRI.

Kadi zinabaki pale pale muda wote wa rasimu. Wahusika wakianza kuongea wataleta mambo ambayo hukuyapanga, na mengine ni bora kuliko mpango. Yakubali, ila badilisha kadi kwanza, angalia zile za jirani yake zinasemaje, ndipo ubadilishe ukurasa. Kadi ya 31 imebadilika mara mbili tangu nianze kuandika. Jana usiku nimeitoa tena, kwa sababu Kibiki amekataa kushuka kwenye gari.